Chambavu: Ugonjwa Unaochagua Ndama Aliyenona

Mazungumzo na wanakisomo wa Kansay, wilaya ya Karatu



Leo tuyaweke madaftari pembeni kidogo. Tutayarudia mwishoni, na mtaona kwa nini. Leo tunataka kuzungumza juu ya ng'ombe. Hapa Kansay ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, ndiye samadi ya shamba, ndiye ada ya shule. Na wakati wa kulima ndiye anayevuta plau. Basi anayemgusa ng'ombe ameigusa nyumba nzima.

Tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja tu, unaoitwa chambavu. Ni ugonjwa wa misuli, yaani minofu ya mwili, na mara nyingine ni ugonjwa wa moyo.

Dume la plau

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja ana dume la ng'ombe, umri mwaka mmoja na nusu. Amemhasi, na mvua za mwezi wa tatu zikikaribia anataka kumfunga nira pamoja na mwenzake. Dume amenona, manyoya yanang'aa. Kila apitaye humsifu.

Siku moja asubuhi dume anatoka zizini akichechemea. Mkulima anasema, "Labda amekanyaga shimo." Jioni dume hacheui, amesimama peke yake, kichwa chini. Kesho yake alfajiri amekufa. Tumbo limejaa kama ngoma.

Habari inakwenda nyumba kwa nyumba. Majirani wanakuja na visu. Wanasema, "Pole sana, ndugu yetu. Lakini nyama isipotee bure." Wakichuna wanakuta nyama ya paja ni nyeusi, ina mapovu, inanuka kama samli iliyochacha. Wanakata kipande kile wanawatupia mbwa. Nyama nyingine wanagawana.

Tusimcheke mtu. Sisi tunaozungumza nanyi tumekulia katika nyumba zenye ng'ombe. Tulipokuwa watoto tulikula nyama ya namna hiyo na tukalamba vidole. Hatukujua. Leo tunajua, na ndiyo sababu tumekuja kuzungumza.

Chambavu inatoka wapi?

Wengi husema chambavu ni jicho la mtu, au ni sumu ya jirani mwenye wivu. Sivyo. Chambavu inaletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi vinaishi katika udongo. Vikiwa udongoni hujifunga katika ganda gumu, mithili ya mbegu. Jua haliviui upesi, wala ukame. Vinaweza kukaa hapo miaka mingi vikingoja.

Mvua ikinyesha, maji hufukua udongo na kuusambaza malishoni. Ng'ombe akila majani mafupi, anakula na udongo. Vijidudu vinaingia tumboni, vinapita katika damu mpaka kwenye misuli, na huko vinalala. Ng'ombe ni mzima kabisa. Hakuna awezaye kuviona.

Sasa, ng'ombe akipigwa fimbo ya paja, au akipigana na wenzake, au akibanwa kwenye gari la mnada, msuli unaumia ndani. Damu inavilia. Mahali palipovilia hapapati hewa safi, na vijidudu hivi hupenda mahali pasipo hewa. Basi vinaamka. Vinazaana kwa wingi, vinatoa sumu na kutengeneza gesi. Msuli unakufa mnyama angali hai.

Chambavu haitoki kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwenzake kama mafua. Lakini ng'ombe wanaolisha mahali pamoja wanakula udongo mmoja. Ndiyo maana mkipoteza mmoja leo, kesho kutwa mnaweza kupoteza wa pili.

Kwa nini inachagua aliyenona?

Hili ndilo jambo linalowaumiza watu. Chambavu humshika hasa ng'ombe wa umri wa miezi 6 mpaka miaka 2. Tena humshika yule anayekua haraka, aliyeshiba, mwenye misuli minene. Ndama mdogo sana bado ana kinga aliyoipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Ng'ombe mzee mara nyingi amekwisha jijengea kinga yake. Huyu wa katikati ndiye aliye wazi, na huyu wa katikati ndiye tunayemtegemea kesho.

Kondoo nao wanapata chambavu, tena katika umri wowote. Kwao mara nyingi hupitia kwenye kidonda: kidonda cha kuhasiwa, cha kukatwa mkia au cha kuzaa.

Dalili zake

Tuzitaje moja moja.

Kwanza, homa kali. Mnyama hali wala hacheui.

Pili, anachechemea ghafla, mguu wa mbele au wa nyuma.

Tatu, anavimba. Uvimbe huwa kwenye paja, begani, shingoni, kidarini au mgongoni. Mwanzoni una joto na unauma. Baadaye unapoa na haumi tena, kwa sababu nyama ya hapo imekufa. Ukibonyeza unasikia kama unakanyaga majani makavu. Hiyo ni gesi.

Nne, anakufa upesi. Mara nyingi ni kati ya saa 12 na saa 48 tangu dalili ya kwanza. Ukimwona asubuhi, huenda kesho jioni usimkute.

Na mara nyingine hakuna dalili hata moja. Moyo nao ni msuli. Vijidudu vikiushika msuli wa moyo, mnyama havimbi mguu wala hachechemei. Jioni umemfungia mzima, asubuhi unamkuta amelala chini, amekufa. Hapo ndipo maneno ya uchawi huanza. Ndugu zetu, wengine wamevunja ujirani wa miaka 20 kwa sababu ya vijidudu vya udongoni.

Je, kuna dawa? Mtaalamu wa mifugo akifika mapema sana anaweza kupiga sindano ya penisilini nyingi, na mara chache mnyama hupona. Lakini ukishauona uvimbe, kwa kawaida umechelewa. Kwa ugonjwa huu mwenye kungoja dalili hupoteza ng'ombe.

Hata matajiri wa Norwei

Labda mtasema, "Haya ni mambo ya sisi maskini. Huko Ulaya wanyama hawafi hivi." Hebu tuwasimulie kidogo.

Nchi ya Norwei iko mbali kaskazini, baridi tupu. Watu wa huko wanafuga samaki baharini, ndani ya vyavu vikubwa vilivyofungwa kama mazizi. Samaki huyo anaitwa salmoni. Kwao ni mali kubwa, kama ng'ombe kwetu.

Mwaka 1999 wafugaji wa Norwei waliona ugonjwa mpya. Samaki waliokwisha kaa baharini miezi kadhaa wakikua vizuri walianza kuzubaa na kufa. Wataalamu walipowapasua waliona moyo umewaka ndani, na misuli nayo imeumia. Wakauita ugonjwa wa moyo na misuli. Ilipita miaka kama 11, mpaka mwaka 2010, ndipo kirusi chake kilipotambuliwa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, walikwisha pata ugonjwa mwingine wa moyo, unaoua samaki wakubwa walionona, wa karibu kuvuliwa na kuuzwa.

Ugonjwa wao si chambavu. Wao ni kirusi, kinachopita kwa samaki na samaki kwa sababu wamesongamana. Sisi ni vijidudu vya udongoni. Lakini uchungu ni mmoja: mfugaji anamwona mnyama wake amenona, anahesabu faida, halafu moyo na misuli vinamwangusha.

Sikilizeni sasa jambo la maana. Mwaka ule wa 1999 wenzetu wale walikuwa na fedha, na maabara, na wataalamu wengi. Lakini chanjo ya ugonjwa ule hawakuwa nayo. Sisi chanjo ya chambavu tunayo. Wataalamu wa Ufaransa, akina Arloing, Cornevin na Thomas, waliitengeneza ya kwanza katika miaka ya 1880. Hii ya leo ni bora zaidi, na inatengenezwa hapa hapa Tanzania, katika Taasisi ya Chanjo iliyoko Kibaha, mkoa wa Pwani, chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari.

Basi mwenye fedha alikosa chanjo. Sisi chanjo tunayo, na ndama bado wanakufa. Je, hilo si aibu yetu?

Chanjo, kabla ya mvua

Ndama achanjwe afikapo miezi 6 hivi, na arudiwe kila mwaka. Mtaalamu anaweza kusema aanze mapema zaidi, kama mahali penu ugonjwa ni mwingi. Wakati mzuri ni kabla ya mvua kuanza, kwa sababu kinga haiji siku ile ile. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuijenga. Anayekimbilia chanjo baada ya jirani kupoteza ng'ombe anajaribu kuezeka wakati mvua inanyesha.

Mzee mmoja anaweza kuuliza, "Lakini ng'ombe wangu wana hereni, walikwisha chanjwa." Ni swali zuri. Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo huko Bariadi, mkoa wa Simiyu. Kampeni ile kwa ng'ombe ilikuwa ya homa ya mapafu, na kwa mbuzi na kondoo ilikuwa ya sotoka. Chanjo ya homa ya mapafu haizuii chambavu. Kila ugonjwa una chanjo yake, kama kila kufuli lina ufunguo wake. Kwa hiyo usiulize, "Je, wamechanjwa?" Uliza, "Wamechanjwa ugonjwa gani?"

Chupa moja ya chanjo hutosha ng'ombe wengi, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Tena lazima ikae kwenye baridi tangu dukani mpaka zizini. Kwa sababu hiyo mwenye ng'ombe watatu akienda peke yake ataona gharama ni kubwa. Lakini nyumba kumi zikiungana, zikachanga na kumwita afisa mifugo siku moja, kila nyumba inatoa kidogo. Bei ya sindano ya ndama mmoja ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya ndama mwenyewe.

Na jambo jingine halina gharama hata senti: tupunguze fimbo. Unapomfundisha dume plau, usimpige mapajani. Umemlisha mwaka mzima na nusu, usimwamshie ugonjwa kwa mkono wako.

Mzoga usiguswe na kisu

Sasa tumefika kwenye jambo gumu kuliko yote. Ng'ombe amekufa ghafla. Watoto wana hamu ya nyama. Majirani wamefika. Tufanye nini?

Tusimchune. Tusimpasue. Tusimle.

Sababu ni hii. Chambavu ina ndugu yake wa mbali anayeitwa kimeta. Naye anaishi udongoni miaka mingi, naye anaua ghafla, na mzoga wake pia hujaa upesi. Mara nyingi kimeta hutoa damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni na nyuma, na mzoga haukakamai. Lakini si kila mara. Hata mtaalamu hamalizi shaka mpaka apime. Chambavu ni hasara ya ng'ombe. Kimeta kinaua na mtu.

Msiseme kimeta kiko mbali. Mwaka 2016 kilizuka Selela, wilaya ya Monduli, hapo bondeni upande wa Mto wa Mbu. Wanyama wa porini walikufa kwa wingi, mifugo wakafa, na watu wakaugua. Nyumbu na ng'ombe hawajui mpaka wa wilaya.

Basi mnyama akifa ghafla fanyeni hivi:

1. Waondoeni watoto na mbwa.

2. Mpigieni simu afisa mifugo, au mtumeni mtu kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya magonjwa ya wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa.

3. Msiburute mzoga, maana damu na majimaji yake yatapanda ugonjwa njia nzima. Afisa mifugo akiruhusu, chimbeni shimo pale pale ulipo, kama si karibu na maji. Shimo liwe na kina cha mita 2.  Kama kuni zipo za kutosha, kuchoma ni bora zaidi.

4. Fukieni, kisha wekeni mawe na miiba juu. Fisi wetu mnawajua, hawashindwi na udongo mtupu.

5. Nawa mikono kwa sabuni. Aliyegusa mzoga akitokewa na kipele kisha kidonda chenye kovu jeusi katikati, hata kama hakiumi, aende zahanati siku hiyo hiyo, na aseme, "Niligusa mzoga." Kimeta kikiwahiwa kinatibika.

Tunajua mama atauliza, "Mwalimu, unaniambia nifukie nyama, na wanangu wamelalia uji?" Mama yetu, hatuna jibu jepesi. Kufukia nyama kunauma. Lakini ukiupasua mzoga ule, unamwaga mbegu za ugonjwa kwenye udongo wa zizi lako. Watakaolipa ni ndama watakaozaliwa miaka mingi ijayo, na pengine mtoto wako mwenyewe. Nyama ile ni ya siku mbili. Udongo ni wa wajukuu.

Sasa fungueni madaftari

Tuliahidi kuyarudia madaftari. Kule Norwei mfugaji anawatoa samaki waliokufa kila siku na kuwahesabu. Anaandika. Ndiyo maana ugonjwa mpya ulipoingia, ulionekana. Hilo halihitaji utajiri. Linahitaji kalamu, na kalamu ninyi mnayo sasa.

Chukua ukurasa mmoja. Chora mistari upate safu nne. Safu ya kwanza andika jina au rangi ya mnyama. Safu ya pili, mwezi na mwaka aliozaliwa. Safu ya tatu, chanjo aliyopata: chambavu, kimeta au homa ya mapafu. Safu ya nne, tarehe ya chanjo. Siku ya kuchanja mwombe mtaalamu akuonyeshe chupa. Soma jina la ugonjwa. Soma tarehe ya mwisho ya kutumika. Usione haya. Hukujifunza kusoma ili upate cheti cha kutundika ukutani.

Ukurasa huo utakwambia ndama gani ametimiza miezi 6, na nani mwaka wake umekwisha. Na mnyama akifa, utajua la kumwambia afisa mifugo, badala ya kumtazama jirani kwa jicho baya.

Ndugu wanakisomo, chambavu haipigi hodi. Humwingia aliyenona, tena asubuhi tulipokuwa tunamsifu. Kinga yake ni sindano ya kabla ya mvua, fimbo iliyowekwa chini, shimo la mita 2 na ukurasa mmoja wa daftari. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotushinda sisi wa Kansay.



Maswali ya kujadiliana

1. Chambavu inaingiaje mwilini mwa ng'ombe? Kwa nini fimbo inaweza kuiamsha?

2. Kwa nini ng'ombe anaweza kufa kwa chambavu bila kuchechemea?

3. Jirani amekuja na kisu kukusaidia kuchuna ng'ombe aliyekufa ghafla. Utamwambia nini asikasirike?

4. Katika kitongoji chenu nyumba ngapi zinaweza kuchanga pamoja kwa ajili ya chanjo kabla ya mvua zijazo? Nani atamwita afisa mifugo, na lini?